Seli Hufaje? Somo kutoka kwa Mtafiti Aliyesomea Nairobi

Mhariri aliponiomba niandike makala ya sayansi kwa Kiswahili nilikubali upesi, kabla ya kujua nimejitia katika nini. Wenzangu wa Kidato cha Tatu walicheka. Ati mambo ya ndani ya seli hayasemeki kwa Kiswahili! Mmoja akaniambia, "Wewe andika juu ya vitate na methali kama kawaida, uyaache ya maabara yakae maabara." Sikuacha, na sababu si ubishi peke yake.

Mwaka juzi binamu yangu aliugua tumbo. Nyumbani tulidhani ni chango, akapewa maji ya uvuguvugu na kuambiwa alale. Siku ya tatu akapelekwa hospitali, akakutwa kidole tumbo kimepasuka na bakteria wa utumbo wameingia damuni. Alipasuliwa, akawekewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa, na kwa siku mbili tukaambiwa anaendelea vizuri. Kisha presha ikashuka, figo zikakataa kufanya kazi, na alfajiri moja akatutoka. Alikuwa na miaka 17. Daktari alimwambia baba mkubwa, "Mzee, bakteria tulikuwa tukiwapunguza. Lakini mwili wake wenyewe ulipigana hadi ukajiumiza." Nyanya yangu alikuwa ameketi hapo kwenye benchi. Akauliza, "Mwili unajipigaje? Ni nani aliyeuamrisha?" Hakuna aliyemjibu.

Swali la nyanya ndilo lililonipeleka kwenye vitabu, na huko nikakutana na jina la Vishva Dixit. Huyu ni mwanabiolojia wa molekuli, mzaliwa wa Kenya, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani. Huko alipitia Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, akafundisha na kutafiti katika Chuo Kikuu cha Michigan, na 1997 akahamia kampuni ya Genentech iliyo karibu na San Francisco. Kazi yake, kwa maneno mawili, ni hii: seli hufaje, na kifo chake huwaambia nini majirani zake.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Ngozi ikichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, huvimba, huwa na joto na huuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mroma mmoja, Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita. Tuiteje hali hiyo? Nikisema "uvimbe", wengi watadhani ni lile donge ambalo hospitalini huogopwa kuwa kansa. Nyanya nilipomuuliza, alisema bila kufikiri, "Si kufura huko?" Basi katika makala hii nitasema mfuro. Mfuro si ugonjwa. Ni kazi ya askari wa mwili: mishipa ya damu inapanuka, maji yanavuja kutoka mishipani, chembe nyeupe zinakimbilia mahali pa vita. Bila mfuro, mkwaruzo mdogo tu ungeweza kutumaliza. Taabu huanza pale askari hao wanaposahau kurudi kambini.

Sasa kifo. Ewe msomaji, wakati unaposoma sentensi hii seli zako nyingi sana zinakufa, nawe hujambo. Kwa mtu mzima ni makumi ya mabilioni kila siku. Hata vidole vyako vilipatikana kwa njia ya kifo: mkono wa mimba changa ni kama kasia, na seli zilizo kati ya vidole hufa ili vidole viachane. Mkia wa kiluwiluwi nao huondoka hivyo hivyo. Mwaka 1972 wataalamu watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliokuwa Aberdeen huko Scotland, walikipa kifo hiki cha utaratibu jina la apoptosisi, neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Seli inayopukutika hujikunyata, huikata DNA yake vipande vipande, hujifunga katika vifurushi vidogo, na majirani huvila vifurushi hivyo kimya kimya. Hakuna matanga. Hakuna mfuro.

Lakini nani anayeamrisha? Jibu la kwanza lilitoka kwa mnyoo mdogo wa mchangani, urefu wake milimita moja hivi, aitwaye C. elegans. Mnyoo huyu anapokua hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati ya hizo hufa, daima zile zile, daima kwa wakati ule ule. Robert Horvitz na wenzake walipata jeni ambazo zikiharibika seli hizo 131 hazifi. Moja ya jeni hizo inaitwa ced-3. Mwaka 1993 waliisoma, wakailinganisha na jeni za binadamu zilizojulikana, na wakashangaa. Ilifanana na kimeng'enya cha binadamu ambacho kazi yake, kama ilivyojulikana wakati huo, haikuwa kuua seli hata kidogo. Kilikuwa mkasi wa kukata na kuamsha protini iitwayo inteleukini-1, ile inayoleta homa na mfuro! Kumbe kifo na mfuro ni watoto wa mama mmoja.

Hapo ndipo Dixit na wanafunzi wake wa Michigan walipoingia uwanjani. Wao walitaka kujua habari za binadamu: amri ya kufa hutoka wapi na hupitia kwa nani? Ilikuwa inajulikana kwamba juu ya utando wa seli kuna vipokezi, mfano ule uitwao Fas, ambavyo vikiguswa na ujumbe fulani kutoka nje seli hufa. Lakini kipokezi kiko mlangoni tu. Nani anabeba habari ndani?

Fikiria mbio za kupokezana kijiti katika michezo ya wilaya. Mkimbiaji wa kwanza ni Fas. Mwaka 1995 kikundi cha Dixit kilieleza habari za protini iitwayo FADD, mkimbiaji wa pili, ambayo kwa upande mmoja hushikana na Fas. Upande wake wa pili ulikuwa unangoja mtu. Mwaka 1996 wakampata mkimbiaji wa tatu, naye alikuwa mkasi wa ukoo ule ule wa ced-3. Leo unaitwa kaspesi-8. Ukishashikana na FADD huamka, ukaenda kukata na kuamsha mikasi mingine, nayo hiyo ndiyo inayoibomoa seli kutoka ndani. Kwa hiyo njia nzima, kutoka mlangoni hadi kwenye ubomoaji, ikawa imeonekana. Mimi naona hapa pana jambo la ajabu kuliko yote: seli haiuawi, inajiua kwa vifaa vyake yenyewe, na vifaa hivyo huwa vimekaa tayari ndani yake siku zote, vimefungwa tu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na hadubini.

Mkasi mmojawapo wa kubomoa, Dixit na mwanafunzi wake Tewari waliuita Yama, mungu wa kifo katika dini ya Kihindu. Jina zuri! Lakini watafiti wengine walikuwa wameuita CPP32, na wengine tena apopaini. FADD nayo ilikuwa na jina la pili, na kaspesi-8 vivyo hivyo, kwa sababu kikundi cha David Wallach huko Israeli kilikuwa kimezipata wakati huo huo na kuzipa majina yake. Ilikuwa vurugu. Hatimaye 1996 wataalamu walikubaliana kwamba mikasi yote ya ukoo huo iitwe kaspesi na ipewe namba, na Yama akawa kaspesi-3. Sisi wana Kiswahili tusiwacheke, maana hata lugha yetu ilibidi wakutane Mombasa 1928 ndipo wakubaliane lahaja ya kusanifisha.

(Kijembe kidogo kwa mashabiki wa virusi: virusi vya ndui ya ng'ombe vina protini inayoikaba mikasi hii. Seli iliyoingiwa na virusi ingependa kujiua ili kuwanyima maadui nyumba, lakini virusi huja na kufuli. Dixit na wenzake waliitumia protini hiyo katika majaribio yao kuonyesha kwamba kifo cha kupitia Fas kinahitaji mikasi kweli.)

Hadi hapa tumesema juu ya kifo cha kimya. Binamu yangu hakufa kwa kifo hicho. Kuna kifo kingine cha seli, chenye kelele, ambacho tangu 2001 huitwa piroptosisi, yaani kupukutika kwa moto. Seli ya kinga ikigundua kwamba bakteria wameingia ndani yake kabisa, haijikunyati. Hufura kama puto, hupasuka, na kumwaga yaliyomo nje. Huo ni ukunga. Majirani wakiusikia hukimbia na silaha. Bakteria aliyekuwa amejificha hutupwa nje hadharani. Kwa jipu dogo, huo ni ushujaa. Kwa mtu ambaye bakteria wameenea katika damu yote, hebu fikiria seli zikipiga ukunga mwilini kote kwa pamoja.

Basi ni mkasi gani unaoanzisha ukunga huo? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: kaspesi-1, ule mkasi wa inteleukini-1. Ushahidi ulikuwa panya. Mwaka 1995 watafiti walitengeneza panya wasio na jeni ya kaspesi-1. Panya wa kawaida akidungwa kiasi kikubwa cha LPS, yaani mafuta yenye sukari yanayotoka kwenye ukuta wa bakteria kama E. coli, hufa kwa mfuro wa mwili mzima. Panya hawa wapya hawakufa. Vitabu vikaandikwa, mihadhara ikatolewa.

Mwaka 2011 Nobuhiko Kayagaki, Dixit na wenzao wa Genentech walitoa makala iliyowafanya wengi wakune vichwa. Walikuwa wameona kwamba seli za panya wa aina moja ya maabara, iitwayo 129, haziitikii E. coli inavyotakiwa, ingawa kaspesi-1 wanayo. Walipochunguza wakakuta panya wote wa aina hiyo wana kasoro ya kuzaliwa: herufi 5 za DNA zimepotea katika jeni ya mkasi mwingine, kaspesi-11, na mkasi huo haufanyi kazi. Na wale panya mashuhuri wa 1995 walitengenezwa kutoka kwa seli za panya gani? Wa 129! Jeni za kaspesi-1 na kaspesi-11 zimekaa jirani mno kwenye kromosomu moja, hivi kwamba hata ukizalisha panya vizazi na vizazi ni vigumu kuzitenganisha. Panya aliyedhaniwa amekosa mkasi mmoja alikuwa amekosa miwili. Kwa miaka 16 dunia nzima ilikuwa ikimlaumu, au tuseme ikimsifu, asiyehusika.

Walifanya jambo la haki baada ya hapo. Waliwarudishia panya hao kaspesi-11 peke yake, wakabaki wamekosa kaspesi-1 tu. Wakawadunga LPS. Panya wakafa. Kisha wakatengeneza panya wenye kaspesi-1 lakini wasio na kaspesi-11. Wakawadunga. Panya wakaishi. Mwalimu wetu wa Biolojia hupenda kusema "jaribio bila kidhibiti ni hadithi", na sikuwahi kumwelewa vizuri hadi niliposoma habari hizi. Ninawaheshimu watafiti wa 1995 pia. Hawakudanganya mtu. Panya wao ndio waliowadanganya.

Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba njia ya kaspesi-11 huamshwa na LPS iliyopenya hadi ndani ya seli, na 2014 kikundi cha Feng Shao huko Beijing kikaonyesha kwamba mkasi huo huishika LPS wenyewe, bila mpelelezi wa kati. Binadamu hatuna kaspesi-11, bali tuna ndugu zake wawili, kaspesi-4 na kaspesi-5, wanaofanya kazi hiyo.

Sasa mkasi umeamka. Unakata nini? Kikundi cha Dixit kilitumia njia ya kuvizia: panya waligeuzwa jeni ovyo ovyo kwa kemikali, kisha seli za wajukuu zao zikajaribiwa ili kuona ni zipi zinazokataa kupasuka. Mwaka 2015 wakampata mkosaji, protini iitwayo gasdemini D. Kikundi cha Shao kilifika hapo hapo kwa njia nyingine, na makala zao mbili zilitoka pamoja katika jarida la Nature. Gasdemini D ina nusu mbili, moja ikiwa imemkumbatia mwenzake ili asifanye fujo. Mkasi ukiwatenganisha, ile nusu kali hukimbilia kwenye utando wa seli, hujipanga duara na wenzake, na kutoboa tundu. Upana wa tundu ni karibu nanomita 20, na nanomita moja ni milimita moja ukiigawanya mara milioni. Kupitia tundu hizo inteleukini-1 hutoka nje na maji huingia ndani.

Nilidhani hadithi imeisha. Puto likitobolewa si hupasuka lenyewe? Hata wataalamu walidhani hivyo. Iliaminika kwamba kupasuka kwa seli mwishoni ni ajali ya fizikia tu, maji yamezidi, utando umeshindwa. Mwaka 2021 Kayagaki, Dixit na wenzao walionyesha kwamba sivyo. Kuna protini ndogo katika utando, ya asidi amino 152 tu, iitwayo NINJ1. Iligunduliwa 1996 katika mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa, na kwa robo karne hakuna aliyeishuku kwa jambo hili. Seli isiyo na NINJ1 hutobolewa na gasdemini D, hufura, hufa, lakini haipasuki. Hubaki imetuna kama puto la sherehe ambalo hakuna aliyelichoma. Inteleukini-1 hutoka kama kawaida, lakini vile vitu vikubwa vinavyopiga ukunga hubaki ndani. Mwaka 2023 watafiti walieleza umbo la kazi yake: molekuli za NINJ1 hupangana katika utando kama meno ya zipu hadi utando unaachana. Na si katika piroptosisi tu. Hata seli iliyokufa kwa apoptosisi, ikikosa jirani wa kuila, mwishowe hupasuliwa na NINJ1.

Katika 2023 hiyo hiyo kikundi hicho kilitoa kingamwili, yaani protini ya kutengenezwa, inayoishika NINJ1 isijipange. Panya walioharibiwa ini kimakusudi, kisha wakapewa kingamwili hiyo, waliumia ini kidogo kuliko wenzao. Watu bado hawatibiwi hivyo. Tena tusishangilie haraka: panya waliozaliwa bila NINJ1 walipopewa bakteria fulani wa utumbo walizidiwa kuliko panya wa kawaida. Ukinyamazisha ukunga, mwizi naye hufaidi. Waganga watapaswa kujua ni saa ngapi ya ugonjwa ukunga unasaidia na ni saa ngapi unaua, na kitandani mwa mgonjwa saa hiyo haijaandikwa ukutani.

Tatizo lenyewe si dogo. Ugonjwa uliomuua binamu yangu, sepsisi, ulikadiriwa kuwapata watu milioni 48.9 duniani katika mwaka 2017, na vifo milioni 11 vilihusiana nao. Wengi walikuwa katika nchi kama zetu, na watoto wengi. Siwezi kusema kwamba kaspesi-4 na NINJ1 peke yake ndizo zilizompeleka, maana sepsisi ya binadamu ina njia nyingi kuliko ya panya aliyedungwa sindano moja. Wala mambo haya hayaondoi ya zamani. Maumivu ya tumbo yanayohamia upande wa kulia chini, yakija na homa na kutapika, si ya kungojewa siku tatu na maji ya uvuguvugu.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa nyanya. Alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Nikamweleza yote, mlangoni, kijiti, mkasi, tundu, zipu, kwa Kiswahili kitupu, nikichora kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama ile amri ilitoka kwa bakteria au kwa mtoto wetu mwenyewe. Nikamwambia: bakteria alibisha hodi, mkasi ulikuwa wetu.

"Na hiyo dawa ya panya?"

"Bado, nyanya."

Akatikisa kichwa, akatoa jiwe moja katika maharagwe, akalitupa nje mlangoni. Kisha akaniambia nimchoree tena pale kwenye tundu, hapo hakupashika vizuri.